Ukisema "jamii imeoza" daladala nzima inaitikia. Sasa anayeozesha ni nani?

fundisaa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Jana jioni natoka Makumbusho narudi Mbezi. Foleni ile ile, tumebanana, redio iko juu. Akaanza jamaa mmoja redioni, sijui mchungaji sijui mchekeshaji, siku hizi hawapishani sana: jamii yetu imeoza, uaminifu umekwisha, watu wanaiba mchana kweupe, vijana hawana adabu, wazee hawana haya. Gari zima likaitikia. Mama wa dirishani akasema "kweli kabisa baba". Dereva akaongeza sauti. Aliyesikitika kuliko wote alikuwa konda, alitikisa kichwa mpaka nikamwonea huruma. Konda huyo huyo ana mia tatu yangu ya chenji tangu Mwenge, kila nikimuuliza ananiambia "mbele, braza, mbele".

Nimeshuka bila mia tatu. Lakini nimelala na swali: maneno makali vile yamepitaje ndani ya gari lililojaa bila kumgusa hata mtu mmoja?

Jibu langu hili hapa, kama ni mawe nirushieni. Tunapenda kuikosoa "jamii" kwa sababu hakuna mtu anayeitwa hivyo. Nenda Kariakoo pale kwenye umati, ita "Jamii!" kwa sauti yako yote, uone nani atageuka.

Wakongwe hawakufanya hivyo. Siti binti Saad tunamsifu kama mama wa taarab, tunabandika picha yake, basi. Mtoto wa Fumba, kazaliwa karibu na 1880, kauza vyungu kabla hajauza sauti, 1928 kaenda Bombay kurekodi santuri. Sasa sikilizeni wimbo wake wa Kijiti. Ni mkasa uliotokea Unguja wakati wa Mwingereza. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, tena mjamzito, kachukuliwa kupelekwa ngomani, karudi maiti. Siti hakuimba kwamba wanaume wa siku hizi wamekuwa wanyama. Kamtaja aliyeua. Kataja ngoma ilikuwa Chukwani. Kataja kinywaji walichokunywa. Halafu wimbo unaingia mahakamani, jaji anasikika akifoka kitini, na Kiingereza chake cha matusi kimo humo humo ndani ya beti. Msikilizaji wa Ng'ambo, ile mitaa ya watu wa kawaida pale Unguja mjini, alipoisikia santuri ile hakuwa na haja ya kuuliza "anamsema nani huyu?"

Njooni karibu. Ukipanda gari la Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Madogo wengi wanashuka pale hawajui Remmy ni nani. Ni Remmy Ongala, Mkongo wa Kindu aliyekuja Dar 1978, akaitikisa nchi hii na Super Matimila. Ukimwi ulipoingia, kila mwenye kipaza sauti alisema "maadili", "tujiheshimu", "tumrudie Mungu". Yeye akatoa Mambo kwa Soksi, na soksi yenyewe mnaijua. Redio Tanzania ikagoma kuupiga. Nchi imezika watu kila wiki, wimbo unaosema vaa kitu fulani ndio ukaonekana mchafu.

Na rapa Profesa Jay, wimbo wake Ndiyo Mzee, 2001. Huu naupenda kuliko yote. Hakusimama kusema "wanasiasa waongo", hilo hata wanasiasa wenyewe wanalisema wao kwa wao. Alivaa koti la mgombea, akapanda jukwaani, akaanza kuahidi. Kila ahadi inazidi upuuzi wa ile iliyopita, na umati unaitika: ndiyo mzee. Sasa jiulize anayechekwa pale ni nani. Mgombea? Mgombea yuko kazini kwake. Anayechekwa ni huyu anayeitika. Tuliupenda wimbo, tukauimba kwenye kila sherehe, na sehemu tuliyoishika vizuri ni kiitikio.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: nani kanuna? Kama hakuna aliyenuna, hizo ni ngonjera tu. Neno lenyewe lina historia ya kusikitisha. Marehemu Mathias Mnyampala alizieneza ngonjera miaka ya sitini ili watu wabishane kwa mashairi, mmoja haelewi, mwenzie anamwelewesha. Zikapelekwa mashuleni, watoto wakapangwa mstari mbele ya mgeni rasmi, na mwisho wa ubishi ulijulikana kabla ubishi haujaanza. Leo mtu akikuzungusha deni lako unamwambia "acha ngonjera".

Nawasilisha.

mchumia_juani

Nimekaa pale na karanga zangu. Ila mkuu, mia tatu imekuuma jamani.

kinyozi wa Tandale

Mleta mada nimekusoma mpaka mwisho, na nina ugomvi na wewe.

Unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuogopa. "Nani kanuna" ni kipimo kizuri ukiwa umejificha nyuma ya jina la fundisaa. Mbona na wewe hujataja namba ya hilo gari?

Twende taratibu. 2015 imekuja Sheria ya Makosa ya Mtandao. 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa leseni ya kulipia. Hapo katikati, Aprili 2017, rapa Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, tukakaa siku tatu nchi nzima haijui wako wapi, wakarudi na majeraha. Baada ya hapo wewe unamlaumu msanii kwamba anasema kwa ujumla? Ujumla ni koti la mvua, mkuu. Mtu halivai kwa sababu ni zuri.

Mimi ofisini kwangu wanakuja wa chama tawala, wanakuja wa upinzani, anakuja askari, anakuja na aliyetoka mahabusu jana. Wote nawanyoa. Nina wembe shingoni kwa mtu, unataka nianze kutaja majina? Nasema "mambo magumu", anajibu "magumu kweli", kila mmoja anajua mwenzie kamaanisha nini. Hiyo nayo ni lugha.

fundisaa

Kinyozi, la namba ya gari umenipata. Niliisahau, au tuseme nilikuwa nimechoka.

Lakini umeruka mwezi mmoja. Machi 2017, kabla ya Roma, rapa Nay wa Mitego alitoa wimbo wa Wapo. Akakamatwa Morogoro, Basata, baraza la sanaa la taifa, wakaufungia wimbo. Kesho yake mambo yakageuka: Rais Magufuli kaagiza aachiwe na wimbo upigwe, waziri akatangaza kwamba mkuu kaupenda, na ikibidi kijana auboreshe, aongeze na wengine, wakwepa kodi na wauza unga.

Sote tulishangilia, na mimi nilishangilia. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu. Mtu kaandika wimbo wa kulalamika, aliye juu kabisa kampokea mkono, kamwambia umesahau na hawa. Wimbo uliokuwa kesi Jumapili ukawa orodha ya kazi za serikali Jumatatu. Simlaumu Nay, alilala ndani kwa ajili ya wimbo wake, mimi sijalala ndani hata kwa kosa la baiskeli. Nasema tu "wapo, wapo, wapo" ina upana ambao hata mfalme anaweza kujisogeza akasema kweli wapo, ila mimi simo.

mchumia_juani

Karanga zimeisha, naagiza kahawa.

Shangazi wa Kikwajuni

Assalaam alaykum wanangu. Mie huwa nasoma tu, leo mmemtia mdomoni Siti, siwezi kunyamaza.

Fundisaa, umesema vizuri lakini umeusoma wimbo nusu. Kijiti alipoimbwa keshaondoka zamani, kavuka zake kakimbilia mrima, pwani ya bara. Kutajwa jina kulimpunguzia nini? Waliobaki Unguja ni wale waliokwenda kusema walichokiona, na ndio waliofungwa, kwa hoja ya ulevi. Aliyeua kavuka, mashahidi wamezama. Hapo ndipo penye wimbo. Mahakama ilikuwa ya Mwingereza, mwanamke wa Ng'ambo akisimama mbele yake hasikilizwi, lugha si yake, sheria si yake. Siti akaifungua kesi upya barazani, kila mtu akawa jaji. Kwa hiyo usiseme alimtaja Kijiti ukaishia hapo. Alikitaja kiti.

La pili. Mnabishana kutaja na kutotaja kama kwamba ndio mambo mawili yaliyopo. Wanaume mna shida. Hamjavaa kanga nyie.

Nikwambieni kisa. Nyumba yetu tulikuwa na wifi, mke wa kaka yangu mkubwa, mtu wa pwani ya kusini, na mama mmoja jirani ambaye wote twajua kamzoea kaka kupita kiasi. Hapana aliyesema kitu. Mwaka ule wifi akanunua doti, imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Hakuivaa nyumbani. Akaitia pasi, akaikunja, akaisubiri siku ya maulidi. Siku hiyo akavaa, akajitanda vizuri maandishi yakae mgongoni, sawasawa kama ubao. Kisha akaenda akakaa safu ya mbele ya yule mama. Saa mbili nzima. Hakugeuka hata mara moja. Yule mama kasomea maulidi mgongo wa wifi yangu.

Kanga ile ilichapwa kiwandani, wameinunua mamia ya watu Darajani. Haina jina la mtu. Lakini mule ndani hapana aliyeuliza "anasemwa nani". Sasa nambieni, hilo ni la jumla ama si la jumla?

kinyozi wa Tandale

Shangazi shikamoo. Nimekusoma nikiwa na mteja kitini, nimemkata vibaya ndevu.

fundisaa

Shikamoo Shangazi. Nimekubali kurekebishwa. Basi si jina. Ni kama mlengwa anajua kalengwa, na waliokaa wanajua. Yule wa redioni hakuwa amekaa mbele ya mtu.

mkazi wa Kongowea

Habari za huko ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, na kwetu mambo haya yana mizizi, malenga Muyaka bin Haji alikuwa akirushiana beti na watu wa Lamu huko mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Lakini nataka kuongeza kitu kuhusu huyo Profesa Jay wenu.

Mwajua alikwenda wapi baadaye? Nyinyi Watanzania mwajua, mbona hamsemi? 2015 aligombea Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akaingia bungeni. Aliyewachekesha kwa kumwigiza mgombea akapanda jukwaa la kweli na kipaza sauti cha kweli, na watu wakamwitikia. 2020 akakipoteza kiti.

Sisi tulikuwa na Redykyulass, vijana watatu wachekeshaji. Enzi hizo Moi yuko madarakani, wakubwa wetu walikuwa wakimtaja kwa kunong'ona hata sebuleni kwao. Ghafla kwenye televisheni anatokea kijana na rungu, sauti ile ile, miondoko ile ile. Baba yangu aliinuka akafunga dirisha. Si kwamba walisema jambo jipya, sera hatukuzisikia hapo. Ni kule kumwona mkubwa akichekwa na mbingu zisianguke. Sasa mmoja wao, John Kiarie, ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017.

Siwalaumu. Labda ukimwiga mtu vizuri sana waanza kuona kazi yenyewe si ngumu. Lakini nauliza, ni nani atakayemwigiza yeye?

gazeti la zamani

Vijana mmewasahau wachoraji. Sisi tuliosoma Uhuru miaka ya sitini na sabini tulianzia ukurasa wa katuni za Chakubanga, za Christian Gregory. Angalieni ajabu yake: Uhuru lilikuwa gazeti la TANU, mali ya chama, ukurasa mmoja unahubiri Azimio na mwingine Chakubanga anawacheka walanguzi na wakubwa wa ofisini wanaolila Azimio lenyewe. Mtendaji wetu kijijini alikuwa analificha gazeti siku mchoro ukifanana naye. Tukijua tu leo halikubandikwa ubaoni, tunajua leo yumo.

Sina mengi, macho hayaruhusu.

bibi wa wodi namba mbili

Nimesoma nyote. Mimi nina la upande mwingine, sijui kama mtalipenda.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja, sehemu kubwa wodi ya wazazi, hospitali ambayo sitaitaja. Nimestaafu. Wale marapa Wagosi wa Kaya walipotoa wimbo wa Wauguzi, wa kutusema sisi, nilikuwa kazini. Fundisaa unauliza nani kanuna. Mimi nilinuna.

Wimbo ulikuwa kweli. Nisiwadanganye. Kulikuwa na wenzangu wanamwambia mama mwenye uchungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kulikuwa na wanaotaka cha juu ndipo wakuangalie. Nilikuwa nawajua kwa majina na zamu zao. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipousikia nilisema moyoni, afadhali, wamesemwa.

Siku ya pili nikapanda basi na sare yangu nyeupe. Dereva akauweka. Abiria wakaanza kunigeukia mmoja mmoja. Kijana mmoja akasema kwa sauti "hawa hapa". Nilikuwa natoka zamu ya usiku, wodi ina vitanda kumi na viwili, wazazi ishirini na tatu, wengine wawili wawili kitanda kimoja, wengine chini, wauguzi wawili. Glovu zilikwisha saa nane usiku. Tulimwambia ndugu wa mgonjwa akanunue nje, na najua kabisa ndugu yule alikwenda nyumbani akisema "wale wauguzi wanatuuzia glovu".

Sasa jiulizeni, wimbo ulimpata nani? Ulimpata aliyevaa sare, kwa sababu ndiye anayeonekana. Aliyetakiwa kuleta glovu hakuwa kwenye basi lile. Ana gari lake, na redio yake anaichagua mwenyewe. Huenda naye aliusikia, akatikisa kichwa kama konda wako.

Mimi sisemi wasingeimba. Baada ya wimbo ule, wodini kwetu matusi yalipungua kidogo, niliona kwa macho yangu, watu waliogopa kusemwa kama kwenye wimbo. Kwa miezi michache. Glovu ziliendelea kuisha saa nane.

fundisaa

Mama, shikamoo. Nimeandika jibu mara tatu nimefuta.

Niliweka kipimo cha kununa kama kwamba kila anayenuna anastahili. Na nimekumbuka kitu kuhusu konda wangu. Yule kijana gari si lake. Jioni anatakiwa afikishe hesabu ya tajiri, ikipungua inatoka kwake. Mia tatu yangu huenda hata hakulala nayo. Na bado ni yangu! Msinigeuzie kibao. Lakini ningemwandikia wimbo yeye, tajiri angeusikiliza akiwa sebuleni kwake akasema kweli hawa makonda wezi.

Shangazi alisema Siti alikitaja kiti. Sasa ndiyo nimeelewa.

kinyozi wa Tandale

Mama wa wodi, pole kwa kazi na hongera kwa kustaafu salama. Mke wangu alijifungulia mikononi mwa watu kama nyie, usiku, umeme umekatika, wamemulikiwa na simu yangu.

Nirudi kwenye koti langu la mvua. Naona mnanibana pande zote. Fundisaa anasema la jumla halimgusi mtu, mama anasema la kutaja linamgusa asiye na pa kujificha. Basi fumbo la kanga ndilo lililobaki. Tatizo lake linataka wote mliokaa pale mjuane. Mtaani kwangu linafanya kazi. Kwenye simu, watu laki tano wasiojuana, kila mmoja anadhani kanga imevaliwa kwa ajili ya shemeji yake. Nimeona watu wamegombana na kublokiana kwa ajili ya picha ya maandishi waliyotumiwa na mtu asiyewajua.

mchumia_juani

Hii ya kinyozi imenigusa, nilimbloku dada yangu mwezi wa tatu kwa ajili ya status. Kumbe alikuwa anamsema bosi wake.

Shangazi, kabla uzi haujafa: yule mama jirani alijibu? Hamuwezi kutuacha maulidini.

Shangazi wa Kikwajuni

Haha, mnapenda umbea nyie. Alijibu, tena vibaya.

Sisi wote tulidhani atatafuta kanga ya kumrudishia, na wifi keshakaa tayari, keshaweka na pesa za doti ya pili. Wiki mbili kimya. Ikaja harusi ya mtoto wa jirani, tumekaa ukumbini, mara yule mama anaingia. Kavaa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Ile ile, rangi ile ile, kanunua duka lile lile. Kaja moja kwa moja kakaa ubavuni mwa wifi, kamgusa bega, kamwambia "wangu, tumefanana leo", kisha kamwagizia soda.

Wifi hakuivaa tena. Tuliikata nepi.

fundisaa

Alikunywa ile soda?

Shangazi wa Kikwajuni

Alikunywa. Mbele ya watu, angefanya nini?